Nikienda HKL, ndiyo basi tena?

Tulikuwa tunachemsha karafuu.

Maabara ya jioni, Columbus, Ohio, mwishoni mwa Januari. Nje theluji ilikuwa imeganda kando ya barabara mpaka ikawa nyeusi. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kukeneka mafuta ya karafuu kwa mvuke: unatia karafuu na maji kwenye chupa ya duara, unawasha moto, mvuke unapanda, unapita kwenye bomba linalopozwa kwa maji baridi, na upande wa pili kinadondoka kitu cheupe kama tui la pili. Mafuta yenyewe, yujenoli, huchemka kwenye nyuzi 254. Yakisindikizwa na mvuke wa maji hutoka kabla hata ya nyuzi 100.

Mwenzangu wa meza alisema harufu ile inamkumbusha Krismasi. Mimi ilinipeleka Muheza, Tanzania, kwa bibi yangu, Mungu amrehemu. Jino likimsumbua alikuwa akibana karafuu moja shavuni na kuendelea kumenya mihogo.

Simu ikatetema mfukoni. Nikavua glavu, nikatoka koridoni.

"Shikamoo mama mdogo. Matokeo yametoka. Baiolojia C, kemia D, fizikia F, hesabu D. Kiswahili A, historia B, kingereza B. Baba anasema nijaze HKL kama wewe. Nikienda HKL ndiyo basi tena udaktari?"

Huku ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Muheza ilikuwa saa nane usiku. Mtoto hakuwa amelala.

Niliandika: "Marahaba mwanangu. Hongera." Nikaifuta hongera, kisha nikairudisha. Nikaongeza kwamba nitamjibu vizuri kesho.

Kesho hiyo ilichukua wiki tano.

## Mtu wa HKL

Wengi mnaosoma hapa mmepita humo. Kwa asiyejua, HKL ni tahasusi, yaani mchepuo wa kidato cha tano na sita, wa historia, Kiswahili na Kiingereza. Nitasema tu yangu ilivyopatikana.

Shule yetu ya kata haikuwa na mwalimu wa fizikia kidato cha tatu chote. Tukaruhusiwa kuliacha somo, na wengi tuliliacha kwa furaha, maana ni mzigo mmoja umepungua. Hakuna aliyetuambia kwamba pamoja na fizikia tulikuwa tunaacha utabibu, uuguzi na maabara. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilidhani naacha kipindi cha Jumanne.

Kufika kidato cha sita, "mimi siyo mtu wa sayansi" ilikuwa imeshaingia mwilini. Niliibeba kama mtu anavyobeba kundi lake la damu. Haikunipitikia kwamba ni jambo lililotokea tu, kwamba lingeweza kutokea vingine.

Mwaka 2013 familia yetu ilihamia Marekani kwa bahati nasibu ya green card. Nikasoma shahada ya historia mchana, usiku nikifanya kazi kwenye nyumba ya wazee: kuwageuza kitandani, kuwaosha, kuwalisha, kukaa nao wanapoogopa. Nilimaliza na GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.9 kati ya 4.0. Chuoni kote hakuna aliyenikataza kuingia darasa la kemia. Madarasa yalikuwa wazi, yapo kwenye orodha, unabonyeza na kujiandikisha. Sikubonyeza hata moja kwa miaka mitano.

Hilo ndilo lililonisumbua usiku ule wa karafuu. Mtoto aliniuliza kama mlango umefungwa, na mimi niliwahi kukaa miaka mitano mbele ya mlango ulio wazi.

## Kusema "mimi" kwa niaba ya mtu

Baada ya shahada nilipata kazi ya ukalimani hospitalini. Ohio ina Wakongomani wengi waliopitia kambini, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wao na daktari.

Mkalimani wa hospitali anafundishwa kuzungumza kwa nafsi ya kwanza. Mgonjwa akisema kichwa kinamuuma, husemi "anasema kichwa kinamuuma." Unasema "kichwa kinaniuma." Na daktari akisema "nitakuandikia dawa," wewe unasema hivyohivyo, "nitakuandikia dawa." Siku nzima unakuwa mgonjwa na daktari kwa zamu, na katika yote mawili wewe mwenyewe haumo.

Nilifanya hivyo miaka mitano. Nilisema "nitakupima," "nataka nisikilize mapafu," "pole, majibu si mazuri." Kwa kinywa changu.

Siku moja alikuja mzee wa Kivu mwenye presha. Daktari alieleza kwamba dawa ni ya kila siku, hata akijisikia vizuri. Mzee akaitikia, "Ndiyo." Daktari akauliza kama ameelewa. "Ndiyo." Nikatafsiri ndiyo zote mbili. Lakini yeyote aliyelelewa na wazee wetu angeisikia ile ndiyo. Ilikuwa ya heshima, ya kumwachia mkubwa wa chumba aseme yake yaishe. Haikuwa ya kukubali.

Mkalimani anaruhusiwa kusimamisha mazungumzo iwapo kuna jambo la kimila linalozuia kuelewana. Nikaomba ruhusa, nikasema. Daktari akavuta kiti, akakaa, akamwomba mzee amsimulie anavyokunywa dawa zake toka chupa ilipofunguliwa. Mzee akacheka kidogo. "Ile dawa niliachaka, maana nilikuwa nimeshapona." Miezi mitatu alikuwa hajaimeza.

Yule daktari alifanya vizuri, na namshukuru. Ila nilipanda basi la kurudi nyumbani na kitu kimenikaa kooni. Nilitaka kuwa mimi ninayeuliza lile swali la pili.

## Nanaa na kisibiti

Kuna njia huku kwa mtu kama mimi. Udaktari Marekani husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo inaweza kuwa ya chochote, mradi uwe na masomo ya sayansi wanayodai: kwa kawaida mwaka wa baiolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia kaboni na mwaka wa fizikia, vyote na maabara zake, kisha baiokemia. Aliyemaliza chuo bila hayo hurudi kuyachukua. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walianzisha programu ya watu wa namna hiyo mwaka 1955, chuo cha Bryn Mawr wakafuata mwaka 1972. Hizo ni ghali. Mimi nasoma ya chuo cha umma, jioni, kipande kwa kipande, tangu mwaka 2024.

Mtihani wa kwanza wa kemia nilipata 52.

Nilikaa ndani ya gari la rafiki yangu nikiwa nimeshika karatasi ile, na sauti ya zamani ikasema: unaona? Ilichukua wiki mbili kugundua kwamba nilichokosa hakikuwa kemia. Sikuwa najua logi, zile logarithimu za hesabu. Kijana wa miaka kumi na tisa, msaidizi wa kituo cha hesabu, alinifundisha kwa michana mitatu, na mtihani uliofuata nikapata 81. Pengo lilikuwa na jina, lilikuwa na ukubwa wake, na liliziba. Ningejua hivyo nina miaka kumi na sita, sijui.

Lakini kilichonibakiza si alama. Ni chupa mbili.

Kwenye kemia kaboni mwalimu alipitisha chupa mbili ndogo, akatuambia tunuse. Ya kwanza nanaa. Ya pili kisibiti, kile cha kwenye viungo vya pilau. Kisha akaandika ubaoni: karvoni, na karvoni. Atomu zilezile, idadi ileile, zimeungana kwa mpangilio uleule, ila moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Pua inazitofautisha kwa sababu vipokezi vya pua navyo vina mkono wao.

Nilinusa tena na tena mpaka wenzangu wakazidai chupa. Tangu utotoni nimepika kwa viungo hivi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ndani yake kuna jambo la ajabu kiasi hiki. Nililia kidogo chooni baada ya darasa. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hasira, vyote pamoja, na mpaka leo sijaweza kuvitenganisha.

## Hesabu ya 2.9

Mshauri wa wanaokwenda udaktari, chuo sitakitaja, alinipa dakika ishirini. Aliangalia 2.9, akasema kamati yao haimwandikii barua ya kumpendekeza mwombaji mwenye chini ya 3.5. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama nimefikiria uuguzi.

Nilikwenda nyumbani nikatoa kikokotoo. Vitengo (krediti) 120 vya shahada yangu mara 2.9 ni pointi 348. Nikisoma vitengo 40 vya sayansi kwa wastani wa 3.8 napata 152. Jumla 500, gawanya kwa 160: 3.125. Hata nikipata A tupu kwenye vitengo 60, nafika 3.27 tu. Mfumo wa maombi wa vyuo vya MD, yaani shahada ya udaktari, huhesabu kila alama uliyowahi kupata. Ukirudia somo, la zamani na jipya yote yanaingia. Zile asubuhi nilizofanya mtihani nikitoka zamu ya usiku haziondoki.

Kinachotia moyo ni kwamba mfumo huohuo huonyesha alama za baada ya shahada kwenye mstari wake peke yake, na zile za sayansi na hesabu kwenye safu yake. Anayetaka kuona, ataona watu wawili: yule wa miaka ishirini na huyu.

Atataka kuona? Waombaji ni zaidi ya 50,000 kwa mwaka na wanaoanza masomo hawafiki nusu.

Swali la uuguzi nalo halikuwa baya. Nawaheshimu wauguzi kuliko watu wengi ninaowajua. Shangazi yangu ni muuguzi, na yeye pia aliniuliza. "Miaka miwili unavaa sare, mwanangu, unawasaidia wazazi wako. Umri hausubiri." Nilikosa jibu. Usiku mwingi nilijiuliza kama nataka udaktari au nataka tu kumshinda yule msichana aliyeruhusiwa kuacha fizikia. Kama ni hilo la pili, ni deni la kijinga kulilipa kwa mkopo wa serikali.

Na mkopo wenyewe umebadilika. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mwanafunzi mpya wa udaktari hawezi kukopa serikalini zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, na 200,000 kwa masomo yote. Vyuo vingi ni zaidi ya hapo. Mambo yakienda sawa nitaanza mwaka 2028 nikiwa na miaka 35, nimalize na 39, na mafunzo ya hospitalini ya miaka mitatu, yale mafupi kuliko yote, yanifikishe 42.

Nimeziandika namba hizi mara nyingi nyuma ya bahasha. Siogopi tena kuziona. Jibu la shangazi nimelipata polepole, zamu moja ya ukalimani baada ya nyingine: kile ninachokitaka ni lile swali la pili, na kubeba uamuzi unaofuata baada ya kulijibu. Muuguzi hubeba mengine, makubwa. Mimi nalitaka hilo.

## Waliochora mstari

Mimi ni mtu wa historia, sikuweza kuacha kuuliza masomo haya ya lazima yalitoka wapi.

Johns Hopkins walipofungua shule yao ya udaktari mwaka 1893 walidai shahada kwanza, jambo lililokuwa geni. Mwaka 1910 Abraham Flexner, ambaye hakuwa daktari bali mwalimu, alichapisha ripoti baada ya kutembelea shule za udaktari za Marekani na Kanada. Alitaka sayansi ya kweli na maabara za kweli. Alikuwa na sababu: shule nyingi zilikuwa za biashara, ukilipa unapata cheti. Udaktari wa sasa unamdai shukrani.

Na ripoti hiyohiyo ilipendekeza kwamba kati ya shule saba za udaktari za Weusi zibaki mbili, Howard na Meharry. Tano zikafungwa.

Nililisoma hilo usiku nikiwa na daftari la kemia pembeni. Kanuni nzuri ilimfungia mtu mlango, na hakuna aliyelazimika kusema kwamba anamfungia. Shule haikuwa na maabara, basi. Shule haikuwa na mwalimu wa fizikia, basi.

## Nisingeweza kumdanganya

Sasa mnaona kwa nini wiki tano.

Ningemwandikia "nenda HKL, usijali, kila kitu kinawezekana, niangalie mimi," ningekuwa namdanganya. Mlango wangu ulifunguliwa na karatasi ya uhamiaji iliyopatikana kwa bahati nasibu, na mji wenye madarasa ya jioni, na baba aliyelipa kodi ya nyumba nilipopunguza zamu. Yeye hana hata kimoja. Ningemwandikia "ndiyo, ndiyo basi tena," ningekuwa namfungia mlango kama shule yetu ya kata ilivyonifungia mimi.

Mwishoni niligundua kwamba sijui kitu. Nimezisoma kanuni za vyuo vya Marekani mpaka nukta ya mwisho, na za nyumbani sijawahi kuziuliza. Niliondoka nikiamini zimefungwa, nikaishi na imani hiyo miaka kumi na mitatu.

Nikampigia binamu yangu, tabibu (clinical officer, ngazi iliyo chini ya daktari) kituo cha afya kimoja Korogwe.

"Nani kakwambia imefungwa?" akasema. Nyuma yake nilisikia watoto wanalia kliniki.

Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mgonjwa. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu, na huingiliwa na cheti cha kidato cha nne: wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na lazima baiolojia, kemia na fizikia viwemo. D inatosha. Tabibu aliyemaliza vizuri, GPA ya 3.0 au zaidi, anaweza kuomba udaktari vyuo vikuu, ingawa huko nako hurudi kukikagua kile cheti cha kidato cha nne. "Wapo wenzangu wako Muhimbili," akasema. "Wapo Bugando. Ni refu, dada. Ada inauma. Wengi wanaishia njiani, mimi mwenyewe nimeishia hapa na napapenda. Lakini njia ipo. Huyo mtoto shida yake ni moja tu, hiyo F."

Fizikia. Mama yake na mimi tuliiacha, yeye akaifanya mpaka mwisho na kufeli, na kwa kufeli kwake yuko karibu zaidi kuliko tulivyokuwa sisi. F inarudiwa. Anajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, anafanya somo moja.

Nilimpigia mtoto Jumamosi, saa mbili usiku ya kwao. Nilimwambia yote, pamoja na hesabu ya 2.9, pamoja na miaka 42, pamoja na yale ya Korogwe. Nilimwambia HKL si adhabu: kwenye mtihani wa kuingilia udaktari huku, wa saa saba na nusu ukihesabu mapumziko, kuna sehemu nzima isiyo na sayansi hata chembe, maswali 53 ya kusoma na kupima hoja, na hapo ndipo ninapofanya vizuri kuliko kote. Nilimwambia sitamchagulia, na nikaongea na baba yake, shemeji yangu, ambaye alisikiliza muda mrefu kisha akasema, "Kumbe ni somo moja."

Mtoto alinyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mama mdogo, na wewe unasoma fizikia sasa hivi?"

Ndiyo, muhula huu.

"Basi tusome wote."

## Ndoo

Tunasoma Jumapili. Huku asubuhi, kule jioni. Yeye ana vitabu vya kaka wa jirani, mimi nina changu, na mada zinafanana kuliko nilivyotarajia. Tumemaliza msuguano. Sasa tuko kwenye wenzo.

Kitabu changu kina swali la mkono wa binadamu. Kiwiko ni egemeo. Msuli wa mbele umejishika sentimita 4 tu toka kwenye kiwiko, kiganja kiko sentimita 32. Umekunja mkono, umeshika mzigo. Msuli unavuta kwa kani kiasi gani?

Nikamwambia aweke mzigo anaoujua. Akaweka ndoo ya lita kumi, maana ndiyo anayochota kila siku: kilo 10, niutoni 100. Nilimsikia akinong'ona, penseli inakwaruza karatasi. 100 mara 32. Gawanya kwa 4.

"Mia nane?"

Mia nane.

"Msuli unavuta mara nane ya ndoo?"

Mara nane, bila kuhesabu uzito wa mkono wenyewe.

Akaniambia nisubiri. Nikasikia mlango, hatua kwenye changarawe, maji yakigonga plastiki, kisha kimya kirefu. Nilikuwa na chai mkononi, imeshapoa. Halafu ikaingia picha: mkono wake, umekunjwa, na kidole cha mkono mwingine kimegusa palepale, ndani ya kiwiko, juu ya ule mshipa unaosimama.

Chini yake ameandika, "Ndiyo maana huwa panauma hapa."